Kufaulu na Kuchaguliwa: Safari ya Watoto wa Mlimani Kwenda Sekondari

Katika mazungumzo ya watu wa Kilimanjaro, kama ilivyo Tanzania yote, maneno mawili yamechanganyika kwa muda mrefu hata wengi hawaoni tena tofauti yake: kufaulu na kuchaguliwa. Mtoto aliyemaliza darasa la saba katika miaka ya 1970 au ya 1980, akapata alama nzuri lakini jina lake lisionekane katika orodha ya kidato cha kwanza, alisemwa kuwa ameshindwa. Majirani walisema hivyo, wazazi walisema hivyo, na mtoto mwenyewe alikua akiamini hivyo. Ukweli ni kwamba mtihani ule haukukusudiwa hasa kupima kama mtoto amejifunza. Ulikuwa chekeche. Nafasi zilikuwa chache, watoto walikuwa wengi, na ilibidi wengi wabaki juu ya chekeche hata kama walijua kusoma, kuandika na kuhesabu vizuri.

Sura nyingine za kitabu hiki zinaeleza habari za majengo, wachungaji, wainjilisti na kwaya. Sura hii inahusu jambo ambalo halikuandikwa sana katika kumbukumbu za vikao, ingawa limegusa karibu kila nyumba ya Wakristo wa mlimani: nani aliyechagua shule ya sekondari ya mtoto, na kwa kipimo gani.

Wamisioni wa Leipzig walipofika Machame mwaka 1893, shule na mafundisho ya ubatizo vilikwenda pamoja. Mtoto alifundishwa kusoma ili asome Neno la Mungu, na aliyeonekana kuwa na akili na tabia njema alipelekwa mbele ili awe mwalimu. Uchaguzi wakati huo ulikuwa mikononi mwa mmisioni na mwalimu wa kijiji. Wazazi mara nyingi hawakugombea nafasi. Kinyume chake, wengi walizuia watoto wao kwa sababu mbuzi na ng'ombe walihitaji majani na shamba lilihitaji mikono. Mwisho wa njia ile ulikuwa chuo cha ualimu, kwanza Old Moshi na baadaye Marangu. Wajerumani walipoondolewa mwaka 1920, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ni walimu hao Waafrika walioshikilia shule na makanisa kwa pamoja. Ni haki kusema kwamba bila wao sharika nyingi za mlimani zisingekuwa na cha kuadhimisha.

Chini ya utawala wa Waingereza chekeche liliwekwa mapema zaidi. Wengi waliishia darasa la nne. Waliovuka waliingia shule ya kati, yaani darasa la tano hadi la nane, ambako masomo na jembe vilikwenda pamoja, na mwisho wa darasa la nane ndipo palipokuwa na mtihani wa kwenda sekondari. Shule za sekondari zilihesabika kwa vidole. Serikali ilikuwa na Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1925 na ambayo mwanzoni ilikusudiwa watoto wa machifu, na ilikuwa na shule yake Old Moshi. Waanglikana walikuwa na Minaki, Wakatoliki walikuwa na Pugu, na baadaye Umbwe. Walutheri walichelewa. Walikuwa wametia nguvu zao katika shule za vijijini na vyuo vya ualimu, na hata baada ya Vita Kuu ya Pili walikuwa bado wanatafuta shule ya sekondari ya kuwatosha watoto wao. Ilboru, karibu na Arusha, iliyoanza mwaka 1946, ndiyo iliyojibu haja hiyo kwa wavulana. Kwa wasichana, Ashira huko Marangu na Machame yakawa majina yaliyotajwa kwa fahari.

Wakati huo dhehebu lilikuwa na uzito mkubwa. Mzazi Mlutheri aliyeambiwa kwamba nafasi ya mtoto wake imepatikana katika shule ya mapadre alilala usiku bila usingizi, na mzazi Mkatoliki hali kadhalika upande wa pili. Mlimani ambako vijiji vilikuwa vimegawanyika kwa misheni, shule haikuwa mahali pa kujifunzia hesabu tu. Ilikuwa pia swali la mtoto atabaki wa kanisa gani na ataoa wapi.

Miaka ya 1950 ilikuwa ya neema kwa kahawa. Fedha zilizopitia chama cha ushirika cha KNCU, kilichoanzishwa mwaka 1933, ziliingia katika vihamba na kutoka kwa njia ya karo. Hapo ndipo ilipoonekana wazi sababu nyingine ya watu wa Kilimanjaro kupenda shule, sababu ambayo haikutoka misheni. Kwa desturi ya Wachagga kihamba huelekea kwa mtoto wa kiume wa kwanza na wa mwisho. Wa katikati hutafutiwa ardhi kwingine. Ardhi ilipoanza kwisha, baba mwenye wana watano hakuwa na cha kumpa wa pili, wa tatu na wa nne. Shule ikawa ndicho kihamba chao. Kwa hiyo karatasi ya mtihani ilibeba uzito ambao watunga mtihani hawakuufikiria: iliamua nani atakuwa na mahali pa kusimama duniani.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, nchi nzima ilikuwa na wanafunzi wa sekondari takriban 12,000 tu. Solomon Eliufoo, Mlutheri wa Machame aliyekuwa amechaguliwa Rais wa Wachagga mwaka 1960, akawa Waziri wa Elimu mwaka 1962. Katika kipindi chake ubaguzi wa shule kwa rangi ulikomeshwa, na mwaka 1964 karo ya sekondari ikafutwa. Kufutwa kwa karo kulibadilisha kipimo. Kabla ya hapo mtoto alihitaji alama na mfuko wa baba; sasa alihitaji alama peke yake. Lakini alama hizo zilitosha wachache. Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea ya mwezi Machi 1967 alieleza bila kuficha kwamba ni kama asilimia 13 tu ya wanaomaliza shule ya msingi waliopata nafasi ya sekondari, na kwamba asilimia 87 waliobaki walikuwa wakitoka shuleni wakijiona wameshindwa. Alitaka shule ya msingi iwe elimu iliyokamilika yenyewe. Wazazi walisikiliza, wakapiga makofi, kisha wakarudi nyumbani kumhimiza mtoto asome usiku kwa kibatari.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilipoanza kufanya kazi mwaka uliofuata, shule za misheni zilizokuwa zikipata ruzuku zikawa za serikali. Ilboru, Ashira na Machame hazikuwa tena za kanisa. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilikuwa na umri wa miaka michache tu tangu kuunganishwa mwaka 1963, chini ya Askofu Stefano Moshi, na shule zilikuwa sehemu kubwa ya jasho la washarika: mawe waliyobeba kichwani, mbao walizopasua, sadaka walizotoa. Wengine waliona kwamba wamenyang'anywa. Wengine waliona kwamba mtoto wa Mwislamu wa Pare na mtoto wa Mmasai asiye na dhehebu nao wana haki ya dawati lile. Hisia zote mbili zilikuwa za kweli, na hazikwisha upesi. Seminari peke yake ndizo zilizoachwa mikononi mwa makanisa, nazo kwa sababu hiyo zikawa, katika miaka iliyofuata, mlango ambao familia nyingi za Walutheri ziliubisha hata pale ambapo mtoto hakuwa na wito wowote wa uchungaji.

Kuanzia hapo serikali ndiyo iliyochagua. Mtoto hakwenda alikotaka baba, alikwenda alikopangiwa. Msichana wa Mamba angeweza kujikuta Songea, mvulana wa Siha akapelekwa Tabora au Mwanza. Waranti ya safari ilitolewa, naye akapanda treni au basi na sanduku lake la bati. Wazee waliosoma wakati huo hukumbuka shule kwa majina ya wenzao: Msukuma aliyelala kitanda cha juu, Mhehe aliyemfundisha kusonga ugali. Jambo hilo lilijenga taifa kuliko hotuba nyingi, na linastahili kutajwa na wale wanaolaumu kipindi kile kwa mambo mengine.

Mambo mengine yalikuwapo. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza elimu ya msingi kwa wote, na kufikia mwaka 1977 watoto waliandikishwa kwa wingi usiowahi kuonekana. Shule za sekondari hazikuongezeka kwa kiasi hicho. Walipofika darasa la saba, mlango ulikuwa umebaki mwembamba uleule: mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliopata nafasi katika sekondari za serikali walikuwa chini ya watano katika kila mia. Pamoja na hayo serikali iligawa nafasi kwa mikoa, ili mikoa iliyoachwa nyuma na ukoloni isizidi kuachwa. Kwa nchi nzima mgawo huo ulikuwa na haki yake. Kwa Kilimanjaro, ambako karibu kila mtoto alikuwa shuleni na wengi walifanya vizuri, maana yake ni kwamba mtoto aliachwa kwa alama ambazo kwingine zingemfikisha sekondari.

Hapo ndipo familia zilipoanza kutafuta njia za pembeni. Baadhi ya watoto walipelekwa kwa mjomba au shangazi katika mkoa wa mbali ili wafanyie mtihani huko. Wengine walirudia darasa. Kurudia kulikatazwa, hivyo mtoto aliandikishwa shule nyingine kwa jina la mwanafunzi aliyeacha masomo, akafanya mtihani kwa jina hilo, akachaguliwa kwa jina hilo, na akaishi nalo maisha yote. Katika kitabu cha ubatizo aliandikwa jina moja, katika vyeti vya shule na barua ya ajira jingine. Wachungaji walioandaa ndoa za vijana hao walikutana na majina mawili ya mtu mmoja na walijua maana yake. Ulikuwa uongo, na hakuna haja ya kuupamba. Lakini ulisemwa na watu ambao kwa mambo mengine hawakuiba hata ndizi ya jirani, na hilo linaonyesha uzito wa chekeche lile.

Njia ya tatu ilikuwa kujenga. Wazazi, Jumuiya ya Wazazi ya chama tawala na makanisa walianzisha sekondari zisizo za serikali, na Kilimanjaro ukaongoza nchi nzima. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 idadi ya shule hizo Tanzania ilikuwa imekaribia kulingana na ile ya shule za serikali. Baadhi zilikuwa shule kweli; baadhi zilikuwa vyumba viwili vya matofali, mwalimu mmoja wa Kiingereza na matumaini. Mzazi aliyekuwa hana nafasi ya kuchagua kwa miaka 15 sasa aliweza kuchagua tena, ilimradi alipe.

Kulipa ndiko kulikokuwa na shida. Karo ilirudishwa hata katika shule za serikali mwaka 1985. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa ya kahawa yalivunjika na bei ikaporomoka, mibuni mingi ikazeeka bila kutunzwa, na baadhi ya watu wakaing'oa kupanda nyanya. Fedha ya baba ilipopungua, ilionekana ni kiasi gani shule ilikuwa imetegemea fedha ya mama: maziwa, ndizi za sokoni, upatu wa akina mama, mayai yaliyofungwa kwenye kitambaa. Nyumba yenye watoto wawili waliomaliza darasa la saba kwa miaka inayofuatana ililazimika kuamua nani aende. Mara nyingi alikwenda wa kiume. Si kila mara, na wapo akina mama walioapa kwamba binti hatabaki jikoni kama walivyobaki wao, wakashinda. Lakini mara nyingi.

Katika sharika za Kilutheri mwaka wa darasa la saba uligongana na jambo jingine. Umri wa mtihani ndio umri wa kipaimara. Mtoto yuleyule aliyebebeshwa daftari za masomo ya ziada jioni alitakiwa pia kujua Katekisimu Ndogo kwa moyo na kuwahi darasa la mchungaji au mwinjilisti. Katika muda wa miezi michache alifanya mtihani wa taifa, akapiga magoti madhabahuni akiwa na nguo mpya, kisha akangoja orodha. Furaha ya sikukuu ya kipaimara, pamoja na wageni, vyakula na picha, ilichanganyika na hofu ambayo hakuna aliyeitaja mezani. Ndipo fomu ya kujiunga na shule ilipofika kwa wale waliopata: godoro, shuka mbili, jembe, ndoo, ufagio, sare ya rangi fulani ambayo haikupatikana duka la kijijini. Sharika nyingi zilijifunza kusaidia hapo. Baada ya ibada mkungu wa ndizi, jogoo au debe la mahindi vilinadiwa uwanjani, mtu mmoja akanunua jogoo na kumrudisha anadiwe tena, na fedha ikaenda kwa mtoto wa mjane. Mnada ule wa kanisani umelipa karo nyingi kuliko zilivyoandikwa mahali popote.

Makubaliano ya mwezi Februari 1992 kati ya serikali na makanisa kuhusu huduma za elimu na afya yalithibitisha hadharani kwamba kanisa ni mshirika katika kazi hiyo. Sekondari za KKKT ziliongezeka katika dayosisi mbalimbali, nyingi zikiwa za bweni, na nidhamu na matokeo yake yakazipa jina. Ndipo lilipoonekana jambo ambalo wengi wamelisema kwa sauti ya chini. Shule hizo zilianzishwa kwa ajili ya watoto walioachwa na chekeche la serikali, watoto wa washarika wa kawaida. Lakini shule haiendeshwi kwa sala peke yake. Walimu wanalipwa, chakula kinanunuliwa, na ada ikapanda hata leo katika shule nyingi za bweni zisizo za serikali inazidi shilingi milioni moja kwa mwaka. Mzee aliyebeba mawe ya msingi wa shule anaweza kumwona mtoto wa mgeni kutoka Dar es Salaam akishushwa langoni kwa gari, wakati mjukuu wake mwenyewe anapita nje ya ua akienda shule nyingine kwa miguu.

Shule hiyo nyingine ni ya kata. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 ulipunguza ada ya shule za kutwa za serikali kutoka shilingi 40,000 hadi 20,000, na kuagiza kila kata ijenge sekondari yake. Edward Lowassa, Waziri Mkuu kuanzia Desemba 2005 hadi Februari 2008, alilisukuma jambo hilo kwa nguvu. Idadi ya sekondari nchini ilipanda kutoka chini ya 1,300 mwaka 2004 hadi zaidi ya 4,000 mwaka 2009. Hakuna kipindi katika miaka 100 ambacho mlango ulifunguliwa kwa upana huo. Hata hivyo majengo yalitangulia walimu. Vijana waliotoka kidato cha sita walipewa mafunzo mafupi na kupelekwa kufundisha, na wananchi wakawaita "voda fasta". Maabara zilikuwa hazijakamilika, na watoto waliofundishwa kwa Kiswahili miaka saba waliingia ghafla katika masomo ya Kiingereza. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yalionyesha zaidi ya asilimia 60 wamepata daraja sifuri. Yalipangwa upya baadaye, lakini mshtuko ulibaki. Chekeche lilikuwa halijaondolewa. Lilikuwa limesogezwa mbele miaka minne.

Tangu Januari 2016 ada imefutwa katika sekondari za serikali hadi kidato cha nne. Orodha ya waliochaguliwa hutolewa na TAMISEMI na kusomwa kwenye simu, si kwenye ubao wa ofisi ya elimu ya wilaya. Wenye alama za juu sana hupangiwa shule za bweni na zile za vipaji maalumu, kama Ilboru ambayo Walutheri waliianzisha. Walio wengi hupangiwa shule ya kutwa ya karibu. Tena Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeelekeza elimu ya lazima iwe ya miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Maana yake ni kwamba darasa la saba lenyewe, pamoja na mtihani uliogawanya ndugu na majina kwa vizazi, limewekwa katika njia ya kuondoka.

Uchaguzi uliobaki ni wa mfuko. Mwezi Desemba, matokeo yakishatoka, mifuko ya elimu ya sharika hupokea maombi, na wazee wa kanisa huketi kuyapitia. Ada ya bweni ya mtoto mmoja mwenye akili, katika shule ya kanisa, hulingana na chakula cha mchana cha watoto wengi wanaokwenda sekondari ya kata na kurudi jioni bila kula. Wapo wazee wanaosema aende huyo mmoja, kwa kuwa hivyo ndivyo walivyosomeshwa walimu wa kwanza wa mlima huu, mmoja mmoja, na wakawainua wengine. Wapo wanaosema kwamba watoto wale wengi ndio usharika wa kesho, na kwamba shule ya kata iliyo jirani na kanisa ni ya washarika kama ilivyokuwa ya misheni. Mwenyekiti huandika hoja zote mbili katika muhtasari, na kikao huendelea mpaka giza linapoingia.